Kupiga msasa klia ya gari mpaka ing'ae: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wenye magari na kwa mafundi vijana wanaoanza kazi ya rangi. Ukitaka kulishika jambo moja kabla ya mengine yote, shika hili: klia ukishaiondoa hairudi. Kwa hiyo kila jibu hapa linaegemea upande wa kuondoa kidogo iwezekanavyo.

## Mambo ya msingi

Klia ni nini, na kwa nini ipigwe msasa?

Klia ni tabaka la juu kabisa la rangi ya gari. Haina rangi, inapulizwa juu ya rangi yenyewe, ambayo nayo imekaa juu ya praima, na praima juu ya bati. Klia ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayoikinga rangi na jua, mvua, vumbi na kinyesi cha ndege.

Mng'ao unatokana na usawa wa uso. Simama mbele ya boneti iliyonyooka vizuri, utaona taa ya dari imejichora na kingo zake kali. Simama mbele ya boneti iliyopulizwa haraka, taa ileile itaonekana imechanikachanika, kwa sababu uso una vibonde vidogo vinavyotawanya mwanga. Mafundi huviita ganda la chungwa. Msasa unakata vilima ili vilingane na mabonde. Msasa wenyewe hauongezi mng'ao hata kidogo. Gari linatoka hapo limefifia kabisa, na wengi hushtuka wakiliona. Mng'ao unarudishwa na kompaundi (dawa ya kusugua yenye chembe za kukata) na polishi (dawa laini zaidi ya kumalizia).

Nitajuaje kama gari langu lina klia?

Chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, tia kompaundi kidogo, sugua sehemu ndogo isiyoonekana. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, huna klia: una rangi ya tabaka moja inayong'aa yenyewe. Kitambaa kikibaki bila rangi ya gari, klia ipo, ila kwa gari jeupe jaribio hili halitoshi.

Usidhani kila gari la Kijapani lina klia. Nyeupe ya Toyota yenye namba 040, ile iliyojaa kwenye Hiace, Probox na Land Cruiser, mara nyingi ni rangi ya tabaka moja. Nyeupe ya lulu yenye namba 070 ni jambo jingine kabisa: ina tabaka la chini, tabaka la lulu, kisha klia. Namba utaisoma kwenye kibao kilicho chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Isome kabla hujagusa msasa, kwa sababu ukiiharibu 070, kuirudisha ni kazi ghali na ngumu kuliko 040.

Klia ina unene gani?

Ya kiwandani huwa kama mikroni 40 hadi 50 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Rangi nzima, kuanzia bati mpaka juu, kwa kawaida iko kati ya mikroni 90 na 150. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa mikroni 100 hivi, kwa hiyo klia yako haizidi nusu ya unene wa karatasi moja. Mafundi waangalifu hujiwekea mpaka wa kuondoa mikroni 8 hadi 10 tu kwenye klia ya kiwandani, kwa sababu inayobaki lazima iendelee kuikinga rangi na jua kwa miaka.

Klia mpya ya gereji, iliyopulizwa mikono (yaani matabaka) miwili mizito au mitatu, inaweza kukupa nafasi zaidi. Ukijua tangu mwanzo kwamba utapiga msasa, mwambie fundi aongeze mkono mmoja, aiache ipumue vizuri kati ya mkono na mkono.

Je, kila gari linahitaji kupigwa msasa?

Hapana, na magari mengi hayahitaji. Mistari ya mviringo inayoonekana juani, alama za kuoshea na ukungu mwepesi vinaondoka kwa kompaundi na polishi peke yake. Msasa uwe kwa ganda la chungwa, vumbi lililonaswa ndani ya klia, machozi (klia iliyotiririka ikagandia hapo), na mkwaruzo ambao kompaundi imeushindwa. Hata magari mapya kutoka kiwandani yana ganda la chungwa kidogo, na mimi nikiulizwa huwa nasema liacheni hivyo.

## Kabla ya kuanza

Fundi amemaliza kupuliza jana. Naweza kuanza lini?

Inategemea aina ya klia, hadina (dawa ya kuigandisha klia) iliyotumika na joto. Klia ya kuchanganya na hadina, ikikauka hewani penye nyuzi joto 20 hivi, kwa kawaida huwa tayari kupigwa msasa baada ya saa 24. Ikiokwa kwenye chumba cha nyuzi 60 kwa nusu saa, inaweza kuguswa ikishapoa kabisa. Karatasi ya maelezo ya klia yenyewe ndiyo inayotoa neno la mwisho, na duka la rangi likishindwa kukupa, muulize muuzaji mpaka aitafute.

Jaribu kwa ukucha mahali pasipoonekana. Ukibonyeza na alama ikabaki, subiri. Ukianza mapema, klia inajaza msasa uvimbe wa kunata. Kibaya zaidi, inaendelea kunywea baada ya wewe kuondoka, na mistari uliyoifuta inarudi wiki mbili baadaye. Ukichelewa miezi, klia inakuwa ngumu na kazi ya saa mbili inageuka ya siku nzima. Kati ya siku ya pili na wiki ya kwanza ndipo penye raha.

Nahitaji vifaa gani?

Msasa wa maji wa namba 1500, 2000, 2500 na 3000 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi). Kibao cha mpira mgumu na kingine cha sifongo. Ndoo mbili za maji safi. Matone machache ya shampoo ya gari. Tepu ya karatasi. Kipande cha mpira wa waipa kwa kukausha unapokagua. Vitambaa vya maikrofaiba na tochi kali. Kwa kumalizia, mashine ya kupolishi, padi ya sufi, padi za sifongo, kompaundi na polishi.

Kama gari si jipya mkononi mwako, tafuta kipimo cha unene wa rangi hata kwa kuazima. Magari mengi yanayofika kwetu yalitumika kwingine kwanza, na huwezi kujua kwa macho yamepolishiwa mara ngapi. Ukipima paneli moja ukapata mikroni 110, nyingine 240, hiyo ya pili imepulizwa tena. Ukipata zaidi ya 1000, chini yake kuna pati (lepe la kujazia mabonde ya bati). Kipimo cha bei nafuu kinachotumia sumaku hakisomi aluminiamu wala plastiki.

Nianze na msasa namba ngapi?

Anza na ule laini zaidi unaoweza kuifanya kazi. Jaribu 2000 kwenye eneo la kiganja kimoja. Ikiondoa kasoro kwa muda wa kawaida, hiyo ndiyo namba yako ya kuanzia. Ikishindwa, rudi 1500. Namba 1000 na 1200 ni za ganda la chungwa zito kwenye klia mpya nene tu. Kwenye klia ya kiwandani sizishauri hata kidogo.

Vijana wengi huanza na 1000 kwa sababu inakwenda haraka. Inakwenda haraka kweli, lakini inachimba mistari yenye kina ambayo lazima uifute kwa 1500, kisha 2000, na kila hatua inakula klia.

Msasa wa namba 2000 wa makampuni mbalimbali ni sawa?

Si lazima. Angalia nyuma ya karatasi kama kuna herufi P mbele ya namba. P2000 ni kipimo cha Ulaya, na chembe zake ni kama mikroni 10. Namba 2000 ya kipimo cha Kijapani ina chembe ndogo zaidi, chini ya mikroni 7. Namba 1000 ya kipimo cha zamani cha Kimarekani nayo inakaribia P2000. Kuchanganya karatasi za vipimo tofauti bila kujua ndiko kunakoleta ile hali ya mtu kupanda namba lakini mistari haifutiki. Nunua mfululizo wote wa kampuni moja.

Nitumie maji au nipige kavu?

Kwa mkono, maji. Yanabeba uchafu, yanapunguza joto, na msasa hauzibi. Loweka karatasi dakika 10 hadi 15 kabla ya kuanza ili zilainike kingo. Maji yawe safi: maji ya kisima yenye mchanga ni sawa na kurudisha msasa wa namba 400 kwenye boneti. Ndoo moja ya kusuuzia, nyingine ya kuchovya.

Kupiga kavu kwa mashine yenye kunyonya vumbi ni njia nzuri, hasa kwa disk za namba 1500 na 3000, kwa sababu unaona unachofanya papo hapo. Lakini vaa barakoa ya kweli. Hadina ya klia ina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo zinaweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu. Hatari kubwa iko wakati wa kupuliza, na vumbi la klia ambayo haijaiva vizuri nalo si la kuvuta. Leso iliyofungwa mdomoni haizuii kitu.

Mafuta ya taa badala ya maji? Kuna wazee wa kazi waliokuwa wakiyatumia. Yanaacha utelezi unaoharibu rangi ikitakiwa kupulizwa tena, na yanawaka. Achana nayo.

## Kazi yenyewe

Napigaje hasa?

Osha gari, likaushe, bandika tepu kwenye kingo zote (tazama swali linalofuata). Funga msasa kwenye kibao. Vidole vitupu vinachimba mifereji, kwa sababu vinabonyeza mahali vilipo tu. Mwaga maji, kisha sukuma kibao kwenda na kurudi kwa mistari iliyonyooka, kwa uzito wa mkono wenyewe bila kukandamiza. Fanya eneo dogo, kama la karatasi ya daftari iliyofunguliwa. Chovya msasa mara kwa mara.

Baada ya mapito machache, vuta maji kwa mpira wa waipa na uinamie paneli kwa pembeni. Sehemu zilizokatwa zimefifia, na mabonde bado yanang'aa kama vitone. Endelea. Vitone vinapungua kila ukirudia. Vikibaki vichache sana vilivyotawanyika, simama hapo, maana kitone kimoja cha mwisho kinaweza kukugharimu klia ya paneli nzima.

Ukipanda namba, badili uelekeo. Kama 1500 ilikwenda kwa urefu wa gari, 2000 iende kwa mshazari. Ukiona mstari wowote wa urefu umebaki, ujue 1500 haijafutika, na usipande tena mpaka uondoke. Suuza paneli, kibao na mikono kila unapopanda.

Lichunguze tope linalotoka. Likiwa jeupe kama maziwa, uko ndani ya klia. Likianza kuchukua rangi ya gari, umefika kwenye rangi: acha papo hapo. Kwenye gari jeupe ishara hii haikusaidii, kwa sababu tope ni jeupe vyovyote iwavyo, kwa hiyo hapo utegemee kipimo na hesabu ya mapito.

Sehemu gani nisiziguse?

Kingo za milango, boneti na buti. Mikunjo mikali ya mwili wa gari. Mahali penye mpini. Klia hukaa nyembamba kwenye ukingo, na msasa hubonyeza hapo kuliko pengine. Bandika tepu ya karatasi upana wa nusu sentimita kutoka ukingoni, piga msasa mpaka karibu nayo, itoe, kisha pita ukingoni mara moja au mbili kwa 3000 na mkono mwepesi. Ukingo ukibaki na ganda la chungwa kidogo, hakuna atakayeuona.

Jihadhari pia na mahali klia mpya ilipoungwa na ya zamani, kwa kawaida kwenye nguzo ya nyuma karibu na kioo. Mstari ule wa muungano ni mwembamba mno, na ukiupiga msasa utabanduka.

Nimeona vijimkia vilivyojiviringisha kwenye klia. Vimetoka wapi?

Chembe moja ya uchafu ilinaswa chini ya disk ya mashine na ikachora. Rudi namba moja nyuma, uvifute, usafishe padi na disk kwa hewa au kwa kitambaa chenye unyevu, kisha uendelee. Kuvikimbiza kwa kompaundi hakufai: vitaonekana vimeisha kivulini na kurudi juani.

Klia imetiririka na kuacha chozi. Nalitoaje?

Chozi ni nene kuliko pengine pote, kwa hiyo usilipige kwa kibao kikubwa. Utamaliza klia ya majirani zake kabla ya kulifikia. Subiri likauke mpaka ndani, siku kadhaa zaidi ya klia ya kawaida. Bandika tepu pande zote mbili. Likwangue kwa wembe mpya uliosimamishwa wima, ukivuta kuelekea kwako, mpaka likaribie kulingana na tepu. Toa tepu, malizia kwa kipande kidogo cha 1500 kwenye kibao kigumu, kisha 2000 na 3000 kwa eneo pana kidogo.

Punje moja ya vumbi hutolewa vivyo hivyo: kipande cha 2000 kilichobandikwa kwenye kibao kidogo cha ukubwa wa kifungo, mizunguko michache, basi.

## Kompaundi na polishi

Nimemaliza msasa. Nafanyaje mng'ao urudi?

Usianze kompaundi mpaka umefika 2500 au 3000. Muda unaotumia kwa 3000 unaupata maradufu kwenye mashine. Kisha padi ya sufi na kompaundi ya kukata, mashine inayozunguka moja kwa moja ikiwa mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika. Tembeza taratibu, mapito yanayopishana, usisimame mahali pamoja. Gusa paneli kwa kiganja: ikiwa na uvuguvugu ni sawa, ikikuchoma umezidisha. Mashine ya mtikisiko ni salama zaidi kwa anayeanza, ingawa inachukua muda mrefu.

Baada ya kukata, badili padi na dawa: sifongo laini na polishi ya kumalizia. Hatua hii ndiyo inayorukwa na gereji nyingi, na ndiyo inayotofautisha gari linalong'aa na gari lenye kivuli cha mviringo kinachotembea juani. Fanya kazi kivulini, bati likiwa limepoa. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa hiyo ina maana ya asubuhi mapema au jioni, vinginevyo kompaundi inakauka kabla haijafanya kazi.

Gari lilikuwa linang'aa nilipolichukua gereji. Baada ya kuoshwa mara mbili mistari imerudi. Kwa nini?

Mara nyingi mistari haikuondoka. Polishi nyingi zina mafuta na vijazio vinavyoziba mikwaruzo kwa muda, na maji ya sabuni yanavitoa. Kabla ya kulipokea gari, omba paneli moja ifutwe kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji, ulitoe nje na uliangalie juani kwa pembeni. Fundi aliyefanya kazi yake hatakataa. Sababu nyingine ni klia iliyopigwa msasa kabla haijaiva. Tazama swali la muda wa kusubiri.

Naweza kupaka nta lini?

Kwa klia ya kiwandani, siku hiyohiyo. Kwa klia mpya ya gereji, watengenezaji wengi hushauri kusubiri kama siku 30 au zaidi, ili viyeyusho vilivyobaki vipate kutoka.

Dawa ya meno inafaa?

Ina chembe za kukwaruza, kwa hiyo itapunguza alama ndogo sana. Kwa gari zima haifai: huzijui chembe zake, na haziendani na hatua yoyote ya kazi hii.

## Yanayotatiza

Nimefika kwenye rangi. Naweza kuokoa kwa polishi?

Hapana. Rangi ya metali au lulu haing'ai bila klia, na doa litakuwa butu daima. Kinachobaki ni kupuliza rangi na klia upya kwenye paneli hiyo. Kwa gari la mteja, mwambie siku hiyohiyo. Kupaka nta juu yake ili aondoke ni kumdanganya, na jua litasema ndani ya mwezi.

Klia inabanduka kama maganda juu ya paa. Msasa utasaidia?

Hautasaidia. Klia ikishaachana na rangi, kingo za ganda zitaendelea kuinuka hata ukizisawazisha leo. Yote iondolewe mpaka kwenye tabaka lililoshika, kisha paa lipulizwe rangi na klia. Na wala usipulize klia mpya juu ya kingo zinazobanduka, itainuka nazo.

Bampa la plastiki linapigwa vilevile?

Njia ni ileile, tahadhari ni zaidi. Plastiki haitawanyi joto kama bati, kwa hiyo mashine ikikaa mahali pamoja klia inalainika na kuvutika haraka. Mikunjo ni mingi, na kipimo cha kawaida hakisomi hapo. Anza na 2500.

Klia ya kopo la kupuliza inaweza kupigwa msasa?

Nyingi ya makopo hayo haina hadina. Inakauka kwa thina (kiyeyusho chake) kuruka tu. Ni nyembamba, inalainika kwa joto la mashine, na petroli ikimwagikia inaharibika. Ikae wiki moja au zaidi, uipige kwa mkono kwa 2500 na maji mengi, na polishi nayo iwe ya mkono. Yapo makopo yenye hadina ndani ambayo unaitoboa chini kabla ya kupuliza. Hayo yanafanya kazi kama klia ya kawaida, na barakoa ni lazima.

Mkwaruzo unanasa ukucha. Niutoe kwa msasa?

Ukucha ukinasa, mkwaruzo umekwenda ndani sana, labda umevuka klia. Ukiushusha uso mzima mpaka chini ya mkwaruzo, utaimaliza klia. Jaza kwa rangi ya namba ya gari kwa brashi ndogo, weka klia juu kwa matone mpaka ivimbe kidogo, subiri ikauke kabisa, kisha uisawazishe kwa njia ya chozi iliyoelezwa juu. Hautapotea kabisa, lakini hutauona ukiwa umesimama.

Gari langu lina rangi isiyong'aa ya kiwandani. Naweza kupiga msasa mkwaruzo tu?

Usiguse. Wala msasa, wala kompaundi, wala polishi. Ubutu wake umo ndani ya klia yenyewe, na mahali utakaposugua patang'aa milele.

Taa za mbele zimekuwa njano. Naweza kutumia msasa huohuo?

Ndiyo, na zinakubali namba zenye chembe kubwa zaidi: 800 au 1000, kisha 1500, 2000, 3000, na polishi. Ila njano hiyo ni tabaka la kinga lililochoka, na ukiliondoa unabaki na plastiki tupu. Lazima upulize klia yenye kinga ya jua siku hiyohiyo. Bila hiyo zitarudi njano baada ya miezi, zaidi kwa gari linalolala nje.